Anti, huyu muuzaji ananiuzia orijino au kopi?

SWALI: Anti shikamoo. Nimehamia nyumba mpya huku Morogoro, sebule ina ukuta mrefu mweupe hauna hata saa, na mimi nimependa hizi picha za kizamani za vipepeo na mimea kama zilizotoka kwenye vitabu vya wazungu wa kale. Kuna muuzaji mtandaoni ananiuzia moja ya muhogo una kiwavi na nondo, anasema imetoka kwenye kitabu cha Maria Sibylla Merian cha 1705, orijino kabisa, laki tatu na nusu bila fremu. Nilipe au naibiwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela usitume kwanza. Jani la toleo la kwanza la kitabu kile watu wanagombania kwenye minada ya Ulaya, huwezi kuliokota kwa laki tatu na nusu kwa mtu anayejibu "nicheki inbox".

Ila kwenye kuchagua una jicho, nakusifu. Huyo mama Merian alizaliwa Frankfurt 1647, akahamia Amsterdam, na mwaka 1699 akiwa na miaka 52 akapanda meli na binti yake mdogo kwenda Suriname, koloni la Waholanzi kule Amerika ya Kusini, kufuata wadudu tu jamani, wakati watu wengi bado wanaamini wadudu wanazaliwa na matope. Akarudi 1701 anaumwa, na 1705 kitabu kikatoka na michoro 60. Wenzake walikuwa wanachora kipepeo mkavu peke yake katikati ya karatasi, yeye anakuwekea kiwavi, pupa (kile kifuko anamojigeuza) na kipepeo mzima wote kwenye mmea ambao kiwavi anaula. Na mimea yenyewe sasa: muhogo, mpera, mgomba, papai, yaani shamba la bibi yako. Mchoro wa kwanza kabisa ni nanasi lina mende! Mimi ningeliweka jikoni kwa makusudi.

Mmoja tu uujue kabla hujautundika, ule wa ua jekundu lenye njano pembeni ambalo hata huku linapandwa kwenye uzio. Merian aliandika kwamba wanawake watumwa walimwambia wenyewe wanatumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Mchoro ni mzuri mno, lakini mgeni akiuliza ni ua gani uwe na jibu.

Haya, kupima. Mwambie muuzaji akupigie picha ya karibu sana, simu ikae juu ya karatasi kabisa. Michoro ile ilichongwa kwenye bamba la shaba, wino unajazwa kwenye mikwaruzo halafu karatasi yenye unyevu inagandamizwa na mashine, kwa hiyo bamba linaacha alama ya kubonyea kuzunguka mchoro, ukipitisha kidole unaisikia (kama pembeni hapajakatwa). Rangi ilipakwa kwa brashi, utaona mahali imevuka mstari kidogo, mahali nzito mahali nyepesi. Sasa ukikuza ukakuta vidoti vidogo vya bluu, pinki, njano na nyeusi vimejipanga kwa mpangilio mmoja kama skwadi ya paredi, hiyo ni ya mashine ya juzi, hata kama karatasi imepakwa chai iwe na rangi ya uzee. Na hata alama zote zikiwepo usiseme ni 1705, maana mabamba yaleyale yalitumika tena kwenye matoleo ya baadaye, mfano la 1719.

Ushauri wangu, acha orijino. Hakimiliki ya vitu hivi iliisha zamani sana, na maktaba kubwa zimeviskani, ingia Biodiversity Heritage Library upakue bure. Chukua faili kubwa, kwa saizi ya A3 tafuta kama pikseli 3500 kwa 5000, chini ya hapo mistari ya shaba inageuka ukungu na ndiyo uzuri wenyewe. Mwambie wa steshenari akutolee kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Kwa fundi fremu sisitiza awekee kadi yenye dirisha katikati, picha isigusane na kioo, maana unyevu ukiingia karatasi inaganda kwenye kioo na huitoi tena. Ukuta unaopigwa na jua la saa tisa achana nao, rangi zitapauka. Na tafadhali weka moja au mbili kubwa, sio vifremu kumi na nane vya A5, sebule itafanana na kliniki.

SWALI: Anti, mimi picha za vipepeo nimeshatundika, zinapendeza. Sasa mama mkwe anakuja kukaa nasi na anasema picha ya kiumbe chenye roho haikai nyumba inayoswaliwa. Sitaki ugomvi. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hukumu muulize sheikh wako mwanangu, mimi ni wa fremu. Lakini wengi ninaowasikia shida yao ni viumbe vyenye roho, miti na maua hawana neno nayo. Kwa hiyo toa vipepeo kabla hajafika, fremu zilezile weka mimea. Kuna jarida la Uingereza, Curtis's Botanical Magazine, lilianza 1787 na michoro yake iliendelea kupakwa rangi kwa mkono mpaka 1948, kila toleo maua matupu. Na wewe wa Tanga usikose lile ua dogo la zambarau la Usambara, mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na afisa wa kikoloni aliyeitwa von Saint Paul-Illaire, likapewa jina lake, Saintpaulia, mwaka 1893, na sasa linauzwa kwenye vikopo madirishani dunia nzima. Mama mkwe akiuliza mwambie ni la hapo juu Amani tu.

Kabla ya kuprinti ukuze faili uliangalie vizuri kila pembe, wachoraji wa zamani walipenda kumficha nyuki au chungu kwenye jani, na mama mkwe atamwona kabla yako.