Kabla hujaahidi, omba simu ya mteja

Juzi usiku kijana mmoja wa Kisauni aliniandikia: "Kaka, kuna zana mpya ya kutengeneza tovuti, na simu za siku hizi zinaikubali. Niache mengine yote niishike hiyo?" Chai ilinipoa mbele yangu. Swali hilo niliwahi kujiuliza, na nikajijibu vibaya.

Mwaka 2010 nilikuwa na meza yangu kwenye saiba moja karibu na Mwembe Tayari. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimefika Mombasa mwaka mmoja tu nyuma, na sisi vijana wa tovuti tuliona riziki imefunguka. Silaha yangu ilikuwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe ya kutengeneza michoro inayosogea kwenye tovuti. Niliisomea usiku kwa miaka mitatu: mawimbi yanayosogea ukipitisha kipanya, majahazi yanayoelea, muziki unaoingia taratibu. Nasema bila haya, nilikuwa hodari.

Kilichonisumbua ni simu. iPhone haikukubali Flash, na Aprili mwaka huo Steve Jobs, mkuu wa Apple inayotengeneza iPhone, alichapisha barua ndefu ya kueleza sababu: inamaliza betri, usalama wake mbovu, haikuundwa kwa ajili ya vidole. Nilikasirika utadhani kanitukana mimi. Kisha Juni, Adobe ikatoa Flash Player 10.1 kwa Android 2.2. Plagini, kile kiongezi kinachoiwezesha brauza kuonyesha Flash, imefika kwenye simu! Asubuhi ile niliwanunulia wenzangu wote mahamri na mbaazi.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Mji wa Kale mwenye majahazi ya kutembeza watalii. Nikamwambia, "Mzee, tovuti yako itafunguka hata kwenye simu." Nilifanya kazi miezi miwili, Flash tupu, hata bei na namba ya simu nikazitia ndani ya mchoro.

Siku ya kukabidhi tuliketi barazani kwake. Mwanawe akatoa simu yake mpya ya bei nafuu, Android 2.2 kamili. Ukurasa ukafunguka mweupe, na alama ndogo katikati. Tukajaribu tena. Tukazima simu, tukaiwasha. Baadaye nilikuja kujua kwamba Flash 10.1 ilidai prosesa (ubongo wa simu) ya aina ya ARMv7, na simu nyingi za bei ile zilikuwa na ya zamani zaidi, ARMv6. Android ni ile ile, plagini haiingii.

Mzee hakupaza sauti. "Mwanangu," aliniuliza, "sasa wateja wangu niwaambie wanunue simu gani?"

Nilikosa jibu. Malipo ya mwisho sikulipwa, wala sikuyadai. Novemba 2011 Adobe ikatangaza kuwa haiendelezi tena Flash ya simu. Agosti 2012 ikaondolewa kwenye duka la programu za Android kwa wapakuaji wapya, na mwisho wa 2020 hata kwenye kompyuta ikazimwa. Video sasa zinachezwa na brauza yenyewe kwa HTML5, toleo la tano la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti.

Kwa hiyo, mdogo wangu, omba simu ya mteja kabla hujaahidi lolote. Si simu yako, simu yake. Ukimaliza hapo omba ya nahodha wake, na ya mpishi wake, ile iliyopasuka kioo. Bei na namba ziandike kwa maandishi ya kawaida. Halafu rudi tena kwenye simu ya mteja. Barua ile ya Jobs ilikuwa na hoja moja niliyokataa kuisoma kwa hasira: ukijenga juu ya tabaka la kampuni nyingine, maendeleo yako yanangoja hiari yake. Vijana wa Pwani tuna vipaji, lakini tunapenda kuonekana wa kwanza. Wahenga walituambia usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wangu ulikuwa HTML ya kawaida, niliyoijua tangu chuo na kuidharau. Usiidharau yako.

Mwezi uliopita nilifungua faili langu la zamani kwa Ruffle, programu inayoiga Flash ndani ya brauza pasipo plagini. Majahazi yakaelea tena, na kifua kikanijaa. Nikamtumia yule mwana wa mzee, ambaye sasa ndiye anayeendesha biashara. Akaniuliza kama ile namba ya simu ukiigusa inapiga. Haipigi. Jumamosi nakwenda Mji wa Kale kumwandikia tovuti upya, na sitamtoza kitu.