Mjusi yuko peke yake, haya mayai katoa wapi?

SWALI: Ami shikamoo. Mtaliano nlokuwa namfanyia kazi alirudi kwao akaniachia mjusi wake, wale wenye ndevu za miba shingoni, watoto wamemuita Bibi. Mwaka mzima hajaona mjusi mwenziwe. Juzi akakataa kula, mchana kutwa achimba pembe za kasha krr krr, nkajua ataka kutoroka, kumbe asubuhi namkuta kalala tumbo limeingia ndani na mayai 19 pembeni! Jirani asema ni uchawi na kandambili ashavua. Mayai nimeyafukia kwenye bakuli la mchanga, nayageuza kila siku kama ya kuku. Yatatotoa? Chakula chake mchicha na mende.
Mama Wawili, Shela, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani mwambie avae kandambili zake, kwani wale kuku wa mayai wa kisasa wana jogoo? Mjusi huyu asili yake Australia, jike akishakuwa mkubwa na ashiba vizuri anaweza kutaga bila dume, mayai yasiyo na mbegu. Ila muulize Mtaliano kwa WhatsApp kama aliwahi kumuweka na dume, maana jike huweza kuhifadhi mbegu tumboni miezi kadhaa.

Usiku zima taa uyamulike kwa tochi ya simu. Ukiona njano tupu na yai limeanza kubonyea, tupa. Likiwa jeupe limejaa na ndani vimishipa vyekundu, lina mbegu. Na jamani acha kuyageuza!! Ya kuku hugeuzwa, ya mjusi ukiyapindua kitoto chaweza kufa humo ndani. Mimi ningeyatia friza leo leo yasiendelee kukua, sababu kutotoa kwataka joto la digrii 28 hadi 30 kwa miezi miwili hivi, na wajusi 19 utawagawa kwa nani, kuwaachilia vichakani usithubutu, si wa huku. Tena pita KWS, shirika la wanyamapori, uulize vibali vya huyo ulonaye, huyu si paka.

Wa kuhangaikiwa ni Bibi mwenyewe. Yale mayai yamemkomba kalisiamu, na mchicha kila siku ndo wazidi kumkosesha, una kitu kinaifunga kalisiamu isiingie mwilini. Mpe panzi, na mende wa jikoni waache, hujui nani kampulizia dawa. Okota ufuoni ule mfupa mweupe wa dome (yule wa baharini jamii ya ngisi), uloweke siku mbili tatu ukibadilisha maji chumvi itoke, anika, kwangua kwa kisu ule unga umnyunyizie kwenye chakula. Asubuhi mtoe juani kidogo, jua lenyewe si la kupitia kioo, na kivuli cha kukimbilia kiwepo.

Halafu jitayarishe, baada ya wiki nne hivi anaweza kutaga tena. Ndoo pana, mchanga wa mto Sabaki (wa ufuoni una chumvi) uchanganye na udongo, kina cha futi moja, unyevu wa kiasi ukiufinya ushikane. Akichimba weee siku mbili tatu hatagi, kisha akalegea miguu ya nyuma, yai limekwama hilo, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.