rsync haitumi faili zima upya
Wengine hudhani kwamba rsync, programu ya kunakili na kusawazisha faili kati ya kompyuta, hutuma faili zima tena ukibadilisha mistari michache tu. Hapana, haifanyi hivyo. Kompyuta inayopokea huigawa nakala yake ya zamani vipande, hukokotoa alama ya kila kipande (checksum, namba fupi inayotokana na yaliyomo) na kuzituma alama hizo kwa kompyuta inayotuma. Inayotuma hupekua faili jipya baiti kwa baiti. Ikikuta kipande kinacholingana, inataja namba yake tu. Ndiyo maana hata ukichomeka neno mwanzoni kabisa, sehemu zinazofuata bado zinatambulika. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliieleza mbinu hii mwaka 1996.

Ila ukinakili kutoka diski moja kwenda nyingine ndani ya mashine hiyohiyo, hapo kweli rsync inanakili faili zima, usipoiwekea chaguo la `--no-whole-file`. Hapo data haipiti kwenye mtandao, hivyo hakuna cha kuokoa, kwa hiyo hesabu zote hizo zingekuchelewesha bure.