Maswali yenu: Suona ndani ya kompyuta

Barua za watengenezaji biti (midundo ya muziki) wiki hii zimeegemea suona, zumari ya Kichina ambayo huko kaskazini mwa China hulia harusini na mazikoni pia.

Hiyo suona ya kwenye programu inatengenezwaje?

Mpigaji hukaa mbele ya maikrofoni akapuliza noti moja moja: kwa nguvu, kwa upole, fupi, ndefu, ya kuteleza. Kila moja huhifadhiwa peke yake. Ukibonyeza kibodi ya muziki, programu huchota ile inayolingana na uzito wa kidole chako. Kwa hiyo unayoisikia ni pumzi ya mtu kweli, ila imekatwakatwa.

Mbona yangu inalia kama honi ya basi?

Kwa sababu unaipiga kama piano. Utamu wa suona uko pale noti moja inapokwenda kwenye nyingine. Mpigaji hubana midomo kwenye tete, kile kipande cha unyasi anachopulizia, sauti ikapanda au ikalegea kabla ya kutulia. Kitufe chako kinakupa noti iliyokwisha kutulia. Tumia gurudumu la kupinda sauti, ambalo kwa kawaida huvuta nusutoni 2 (hatua mbili za vitufe jirani), uiingie noti kutokea chini. Ukali wa sauti uachie kidhibiti cha pumzi, yaani namba 2 kwenye MIDI (lugha ya kibodi na kompyuta kuelewana), kinachotoka 0 hadi 127. Na tafadhali, acha kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja! Suona moja haitoi noti tatu kwa mpigo.

Mpigaji anapumua saa ngapi?

Anavuta hewa puani huku mashavu yakisukuma ile iliyobaki mdomoni. Programu huiga hayo kwa kurudiarudia kipande cha katikati ya noti, na sikio huunasa mzunguko huo upesi. Pandisha na kushusha pumzi taratibu juu yake, utafichika.

Naweza kuiweka badala ya nzumari kwenye chakacha?

Ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa zurna uliotoka Asia ya Magharibi ukafika China na pwani yetu pia. Lakini suona ina mdomo mpana wa shaba na mlio wake unachoma zaidi. Mzee aliyekulia ngomani ataijua papo hapo. Kama mpiga nzumari yupo mtaani kwenu, mimi ningemwita studio nikamlipa.

Kompyuta yangu ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 8. Itaweza?

Kwa ala moja, ndiyo. Weka sauti zake kwenye SSD, ile diski ya kasi.