Muulize Fundi wa Ndege: "Tunataka kutua Duluti"

SWALI: Shikamoo Fundi. Bosi wangu wa zamani, Mwingereza, ana hisa na wenzake kwenye Catalina ya wakati wa vita, ndege ile inayotua majini. Wanataka kuirusha kutoka Southampton hadi Durban wakifuata njia ya mwaka 1937 ya ndege za majini za Imperial Airways, shirika la Waingereza. Kwa kuwa nafanya kazi ya utalii, mimi nimepewa kupanga kipande cha Afrika Mashariki. Nawaza walale Arusha siku tatu, watue Ziwa Duluti wapige picha na Mlima Meru nyuma yao, kisha Manyara kwenye heroe, halafu Mwanza. Nianzie wapi?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye mafuta. Ramani ikunje kwanza.

Catalina ina injini mbili za Pratt & Whitney, silinda 14 kila moja, nazo zinakunywa petroli ya ndege, ile ya buluu. Si mafuta ya jeti wanayojaza zile Caravan unazoziona zikishuka Kisongo. Weka lita 350 kwa saa, kwa mwendo wa kilomita 200 hivi. KIA, uwanja wa Kilimanjaro, hadi Mwanza ni kama kilomita 470, mapipa manne ya lita 200 na kidogo, akiba hujaihesabu. Kisumu hadi Mombasa ni 700, mapipa sita na ushei. Enzi zetu ndege ndogo karibu zote zilikuwa za pistoni, petroli ukiikosa hapa unaipata pale. Siku hizi usibahatishe. Piga simu kila kituo, uliza zipo lita ngapi na kama watakuwekea kwa tarehe yako. Ukijibiwa "ipo ipo", andika haipo.

Na mafuta ya pipa yana mambo yake. Mwaka mmoja nilitumwa kiwanja cha vumbi huko kusini kujaza ndege ya injini mbili. Pipa lilikuwa limesimamishwa wima nje, mvua imenyesha usiku, maji yametuama juu ya kifuniko. Mwenye mali akaapa lakiri haijaguswa. Kweli haikuguswa. Lakini pipa hupumua: mchana linapata joto, usiku likipoa linavuta maji kupitia nyuzi za kizibo. Nikachota kwenye chupa ya jemu, nikainyanyua juani. Juu buluu safi, chini kabisa kitone cheupe kinabingirika kama jicho la dagaa. Tukachuja kwa ngozi laini, ndoo kwa ndoo, mpaka saa tisa alasiri, abiria wamenuna chini ya mwarobaini. Kwa hiyo mapipa yako yalazwe ubavu, na yakisimamishwa yaachwe yatulie kabla mtu hajatia pampu.

Hao unaofuata njia yao nao mafuta yaliwafundisha adabu. Machi 1939 ndege yao iitwayo Corsair, ikielekea kaskazini kutoka Ziwa Victoria, ilipotea njia. Petroli ikakaribia kwisha, rubani akatua Mto Dungu, Kongo, ndege ikapasuka kwenye mwamba. Wakaitengeneza, wakajaribu kuruka, ikagonga tena. Ilibidi mto uzibwe ili maji yajae, na ndege ikatoka Januari 1940. Miezi kumi!

Sasa Duluti. Futa. Lile ni shimo la volkano, halina hata kilomita moja upana, limezungukwa na miti, na liko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya injini na ya bawa pia. Chombo cha tani 16 kikijaa, chenye mabawa ya karibu mita 32, pengine kitatua. Kutoka ndiyo kesi. Manyara nayo ni maji ya magadi, kina kifupi, yanasogea mbele na kurudi kila mwaka, tena ni hifadhi. Heroe elfu kadhaa wakiruka mbele ya injini, picha utaiona gazetini.

Hata wale wa 1937 hawakupita kwetu Arusha. Walitoka Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, wakashuka Msumbiji. Muulize bosi kitu kimoja leo hii: ina magurudumu? Zipo Catalina za majini tu na zipo za kote kote. Ikiwa nayo, itue KIA kama ndege nyingine. Ikiwa haina, Arusha waje kwa basi.

Wakilala KIA, asubuhi mtu asiwashe injini kwa haraka. Oili ya usiku hujikusanya kwenye silinda za chini. Zungusha kwanza pangaboi kwa mkono, swichi zikiwa zimezimwa, uhesabu mapanga yake yanavyopita. Likigoma usilisukume, fungua plagi za chini oili imwagike. Ukilazimisha, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda, na konrodi hiyo Kariakoo hakuna.

Mwanza wasitue alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanakuwa wanarudi na taa zao, na ziwa likitulia kama kioo rubani haoni maji yanaanzia wapi. Saa nne kuna upepo kidogo na vimawimbi, hapo anapima vizuri. Kisumu waulize wenyeji magugu maji yameelekea wapi wiki hiyo.

Vibali: TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mapema, na wenye ziwa pia, maana ikishagusa maji inahesabiwa kama chombo cha majini. Epuka masika.

Na atakayeshuka majini kufunga kamba, avae buti ndefu. Kichocho hakijali pasipoti.