Maswali ya Wasomaji: Kumsikiliza bingwa wa selo

Barua kadhaa zimetufikia kuhusu selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, na karibu zote zinataja kazi moja: konseto (kazi ya chombo kimoja mbele ya okestra) ya mtunzi Mcheki Antonín Dvořák katika B maina, Opus 104. Tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Mhariri, salaam. Nimetumiwa rekodi mbili za konseto ya Dvořák, moja ya bingwa wa selo Mstislav Rostropovich, nyingine ya mwanafunzi wa chuo cha muziki. Noti ni zilezile na zote zinanipendeza. Wajuzi wanasikia nini ambacho mimi sikisikii?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, anza na mkono wa kulia. Wengi huvutiwa na vidole vya kushoto vinavyokimbia juu ya nyuzi, lakini sauti ya selo inatoka kwenye uta. Mpigaji ana mambo matatu tu ya kuamua: uta uende kwa kasi gani, ubebe uzito kiasi gani, na uguse uzi mahali gani kati ya daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, na mwisho wa ubao wa vidole. Karibu na daraja uta unataka uzito na mwendo wa polepole. Ukipitishwa pale haraka kwa mkono mwepesi, uzi unapiga mluzi. Upande wa ubao mambo yanageuka, na anayekandamiza huko anaukaba uzi hadi sauti inakwaruza. Mwanafunzi mzuri hupata mchanganyiko mmoja unaomfaa, akabaki nao konseto nzima. Bingwa huubadilisha hata ndani ya noti moja. Ndiyo maana noti zake ndefu hazichoshi.

Kipimo kizuri kipo katika sehemu ya kwanza. Baada ya dakika 2 hivi baragumu moja linaimba wimbo wa pili, mpana na mtulivu, katika D meja. Dakika tatu au nne baadaye selo inauchukua wimbo huohuo. Baragumu lina pumzi ndefu, ilhali selo ina uta wa sentimita 70 na kidogo, ambao ukifika mwisho lazima urudi. Tega sikio pale unapogeuka. Kwa mpigaji wa kawaida utasikia mstuko mdogo, au sauti itafifia kila uta unapokaribia ncha, kwa kuwa ni mzito upande wa mkononi na mwepesi nchani, naye hakufidia tofauti hiyo kwa uzito wa mkono wake. Kwa Rostropovich mstari unapita bila mshono. Rudia kipande hicho mara tatu katika rekodi zako zote mbili na tofauti itakutokea yenyewe.

Mkono wa kushoto nao una mtihani wake. Baadaye katika sehemu hiyohiyo, kabla tu okestra nzima haijalipuka na wimbo wa pili katika B meja, selo inapanda kwa okteva, yaani noti ileile ya chini na ya juu kwa mpigo mmoja. Kidole gumba kimelazwa juu ya uzi mmoja, kidole cha tatu kiko kwenye uzi wa jirani. Kadiri mkono unavyopanda kuelekea daraja, nafasi kati ya noti inapungua, kwa hiyo kila hatua inadai mkono ujipange upya. Kosa la milimita chache tu linatosha kuzigombanisha noti hizo mbili, na sikio linalishika mara moja hata kama hujui kusoma noti. Hapo usivutiwe na kasi. Angalia usafi.

Kuna jambo la tatu, na kwangu ndilo linalomtenga bingwa: kujua wakati wa kumpisha mwingine. Katikati ya sehemu ya kwanza wimbo mkuu unarudi polepole, wa huzuni, katika A bemoli maina, na filimbi inatembea sambamba na selo. Wapigaji wengi wenye vidole vya ajabu hukosea hapa. Wanaendelea kutoa sauti kubwa kana kwamba wako peke yao, na filimbi inapotea. Ukiisikia filimbi vizuri bila kuipoteza selo, mpigaji huyo ana masikio pamoja na vidole.

SWALI: Kwa nini mpiga selo anakaa kimya zaidi ya dakika tatu mwanzoni, wakati watu wamekuja kumsikiliza yeye? Na selo, kwa sauti yake ya chini, haimezwi na okestra yote ile?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kuhusu kimya: Dvořák alifuata desturi ya zamani ya konseto, okestra itangulie kuzitandaza nyimbo zote mbili kuu. Klarineti zinaanza chini kwa sauti ndogo, okestra inapanda, baragumu linaimba, na selo inaingia katika kipimo (baa) cha 87 cha noti. Usiuruke utangulizi huo. Selo ikiingia haileti wimbo mpya. Inauchukua ule wa klarineti na kuutoa kwa ushupavu, katika B meja, yenye mng'ao, badala ya B maina, yenye huzuni, kwa maelekezo kwamba upigwe kama unaobuniwa papo hapo. Asiyeusikia wimbo ukinong'onwa mwanzoni hawezi kujua kwamba sasa umebadilishwa sura.

Mle kwenye kuingia zimo kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za nyuzi tatu na nne. Daraja la selo limepinda, uta hauwezi kuzikalia nyuzi zote nne pamoja. Mpigaji huzigusa za chini kwanza, kisha anaviringisha uta hadi za juu na kubaki huko. Akizikandamiza zote kwa nguvu unasikia mkwaruzo na noti hazitambulikani. Bingwa anaupa uzi wa chini kabisa muda wa kuvuma kabla ya kuuacha.

Kuhusu kumezwa: hofu yako ilikuwa ya Dvořák mwenyewe. Kwa miaka mingi hakuiamini selo kama chombo cha kusimama mbele ya okestra. Aliona juu inalia kwa pua na chini inanguruma tu. Akiwa New York, akiongoza chuo cha muziki, Machi 1894 alimsikia mtunzi na mpiga selo Victor Herbert akipiga konseto yake ya pili ya selo, na humo tromboni, vyombo vya shaba vyenye sauti nzito, zilitumika bila kuifunika selo. Novemba mwaka uleule alianza kuandika ya kwake, akaimaliza Februari 1895. Ina tromboni tatu na tuba, vyombo vyenye uwezo wa kuzima selo kumi. Lakini fuatilia zinapiga lini: kwa nguvu zote pale selo iliponyamaza, au kwa kodi laini sana chini yake. Selo inaposhuka kwenye nyuzi za chini, vyombo vingine hupungua au hudonoa nyuzi tu. Kazi inayobaki ni ya mwongozaji. Ukimwona mpiga selo anavuta uta kwa jazba na husikii noti, mara nyingi aliyekosea ni mwongozaji, maana ameiacha okestra ipige kwa nguvu kupita kiasi.

SWALI: Napiga selo katika kikundi cha taarab hapa Unguja. Noti ya F kwenye uzi wa tatu inatetemeka, inaguruma na kukatika. Mbona kwa mabingwa sisikii kitu hicho?
Msomaji, Unguja

JIBU: Selo yako na za mabingwa ni chombo kilekile, na ugonjwa huo wanao pia, hata katika selo za fundi mashuhuri Stradivari. Mwili wa selo una noti yake unayopenda kutikisika nayo, kwa kawaida kati ya E na F kali. Ukipiga noti hiyo, mwili na uzi vinanyang'anyana nguvu, na unasikia ule mgurumo wa kukatika.

Tiba ya haraka ni kuubana mwili wa selo kwa magoti wakati wa noti hiyo, kusogeza uta karibu na daraja, na kwenda polepole kwa uzito thabiti. Au hamisha noti kwenye uzi mwingine. Tiba ya kudumu ni bomba dogo la shaba lenye mpira ndani, linalofungwa kwenye uzi wa tatu au wa nne katika kile kipande kati ya daraja na kishikio cha nyuzi. Lisogeze milimita chache kila mara, upige, usikilize, kisha ukaze skrubu. Usitafute kuua mgurumo wote. Ukifika huko utakuta umeua na uchangamfu wa uzi.

SWALI: Mbona konseto ya Dvořák haina kadenza kubwa (pale mpigaji anapoonyesha ufundi peke yake) mwishoni, na inapoa badala ya kuishia kwa kishindo?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kishindo kipo, lakini ni cha okestra, mwisho kabisa. Kabla yake Dvořák alitaka kitu kingine. Akiwa bado Marekani alipata habari kwamba shemeji yake Josefina anaumwa sana. Ni mwanamke aliyempenda ujanani, kabla ya kumwoa mdogo wake, Anna. Katikati ya sehemu ya pili alitia wimbo wake mwenyewe ambao Josefina aliupenda. Mei 1895, Dvořák akiwa amerudi Bohemia, Josefina alifariki, naye akauandika upya mwisho wa konseto na kuurudisha wimbo ule. Rafiki yake, mpiga selo Hanuš Wihan, ambaye alitunukiwa konseto hiyo, alitaka kadenza ya kuonyesha ufundi pale. Dvořák alikataa kabisa, na akamwandikia mchapishaji wake kwamba hatakubali noti ya mtu mwingine iongezwe. Alikuwa na haki. Kadenza ingeuvunja mwisho ule vipande viwili.

Kwa msikilizaji hapa ndipo penye mizani ngumu kuliko zote. Fidla moja ya okestra inaimba juu ya selo, kisha selo inabaki na kumbukumbu za sehemu mbili zilizopita. Bingwa hupunguza kasi ya uta, huusogeza kidogo kuelekea ubao, na hupunguza upana wa mtetemo wa kidole. Anayeanza kuomboleza mapema mno, kwa mtetemo mpana kwenye kila noti, hana pa kushukia tena.

Agosti 21, 1968, siku majeshi yaliyoongozwa na Urusi ya Kisovieti yalipoingia Chekoslovakia, Rostropovich aliipiga konseto hii ya Mcheki katika Royal Albert Hall, London, akiwa na okestra ya taifa ya Kisovieti chini ya Yevgeny Svetlanov. Kulikuwa na waandamanaji nje na kelele ukumbini, na yeye alipiga huku analia. Rekodi ya jioni ile ipo. Ni ya haraka na yenye ukali, si ya kujifunzia usafi, lakini isikilize ukishaizoea kazi yenyewe.

SWALI: Nianze na rekodi ipi, na nisikilize vipi kwa simu?
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Anza na Rostropovich na okestra ya Berlin Philharmonic chini ya mwongozaji Herbert von Karajan, ya 1968. Kisha mpiga selo Pablo Casals na okestra ya Czech Philharmonic chini ya George Szell, iliyorekodiwa Prague 1937: ina mchakacho wa sahani za zamani, lakini Casals anapiga kwa mwendo unaosonga mbele na bila kujipendekeza.

Spika ya simu haifai. Uzi wa chini kabisa wa selo huanzia Hz 65 hivi, na spika ndogo za simu haziwezi kutoa mvumo huo. Utabaki na uta bila kifua. Tumia hedifoni za kawaida za waya zinazofunika sikio. Zima nyongeza zote za besi kwenye programu, maana hizo hunenepesha kontrabesi na kuizika selo. Weka sauti kwa kupima na kilele cha okestra kabla selo haijaingia, kisha usiiguse tena hadi mwisho, dakika 40 hivi baadaye.