Setilaiti "ilipiga eksirei" anga?

Swali: Naandika habari za HaloSat, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Niliandika kwamba "ilipima eksirei kutoka Njia Nyeupe". Mhariri kaandika: "kisetilaiti chenye darubini kilichopiga eksirei Njia Nyeupe, kilichozinduliwa Julai 2018". Yupi yuko sahihi?

Jibu: Rudisha sentensi yako. Kosa kubwa liko kwenye *kupiga*. Aliyevunjika mkono hupigwa eksirei: mashine hutoa mionzi, nayo hupenya mwilini na kuacha picha upande wa pili. Anayepiga ndiye anayetoa. HaloSat haikutoa kitu. Mionzi ilitoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi inayoizunguka Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu; HaloSat ikaipokea tu. *Ilinasa* inafaa, ila *ilipima* inafaa zaidi: fotoni, yaani chembe moja ya mionzi, ikigonga silikoni ya kigunduzi huzalisha chaji ya umeme, na wingi wa chaji hiyo hutaja nishati ya fotoni. Oksijeni iliyoungua vikali, kwa mfano, hujitambulisha kwenye elektronivolti (kipimo cha nishati) 570 na 650 hivi. Picha haikuwapo, kwa hiyo hata "ilipiga picha za eksirei" usiikubali.

(Hapo juu nimeteleza: oksijeni ile haikuungua, imepoteza elektroni karibu zote. Andika *iliyoayonishwa*.)

*Darubini* nayo itoke. Darubini za eksirei zipo, Chandra ni mojawapo, lakini hizo zina vioo vya kukusanya mionzi. HaloSat ilikuwa na vigunduzi 3 bila kioo, vikitazama duara la anga la upana wa nyuzi 10 hivi. Mwezi mpevu una nusu nyuzi tu.

Kitabu huzinduliwa, chombo cha anga *hurushwa*. Hapa tena vitenzi ni viwili: *ilirushwa* Mei 2018 pamoja na shehena ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, *ikaachiliwa* kutoka kituoni Julai. Mhariri kabeba tarehe ya pili akaivika kitenzi cha kwanza.

*Kisetilaiti* ni sarufi halali, na upatanisho wake wa ki- hauna kasoro. Ila ki- hii hudunisha. Chombo cha sentimita 10 kwa 20 kwa 30 kilichofanya kazi ya sayansi hakistahili dharau hiyo. "Setilaiti ndogo iliyorushwa" yatosha.